Mtangulizi wa Treni

Ti. Kimya kidogo. Ti, tena.

Sauti ilitoka chini ya kitanda, ndogo kama ya mtu anayegonga kijiko kwenye kikombe huku akiwaza jambo lingine. Jogoo wa jirani walikuwa bado hawajaanza. Nilifikiri ni panya, nikapiga ubao wa kitanda kwa kiganja ili akimbie. Hakukimbia. Ti. Nikateremsha mguu gizani kutafuta kandambili, na mguu ukaingia majini mpaka kifundoni.

Ilikuwa sufuria yangu ya kupikia sombe, majani ya mihogo. Jioni niliiacha sakafuni karibu na mbabula, jiko letu la makaa, tupu, na sasa ilikuwa inaelea, inatembea taratibu ndani ya nyumba, ikigonga mguu wa kitanda kila wimbi dogo lilipoisukuma. Ziwa lilikuwa limeingia bila kupiga hodi.

Sikushangaa sana. Mji mzima wa Baraka ulijua kwamba ziwa Tanganyika linapanda. Nyumba za mstari wa mbele, zile zilizokuwa zikitazama maji, watu walikwisha kuzihama. Sisi tulikuwa mstari wa tatu, tukijiona watu wa mlimani. Binti yangu Ketsia aliamka, akakaa kitandani akinisikiliza nikizunguka na tochi ya simu, nikipandisha unga na nguo juu ya meza. Akauliza kama ziwa litalala kwetu. Nikamwambia huenda litalala. Akafikiri kidogo, kisha akauliza litalala upande gani wa kitanda, wake au wangu.

Kulipokucha alikuja Pulchérie, jirani yetu wa nyuma, ambaye nyumba yake imeinuka kidogo kuliko yetu. Pulchérie ni mama mkubwa wa mwili na wa cheko, na hajui kupita mahali kimyakimya. Alisimama kwake akatutazama, mimi na mtoto mlangoni kama watu waliosubiri mtumbwi, akasema tusihangaike kwenda kuvua, tufungue tu mlango ndagala waingie wenyewe. Kisha akarudi na ubao mrefu, ubavu wa mtumbwi wa mume wake uliokwisha kuoza upande mmoja. Tukakusanya mchanga kwa beseni, tukautupa majini kuanzia kizingiti changu mpaka kwake, tukaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa tuta gumu, tukalaza ubao juu yake. Ukatulia kama mkeka. Ketsia alipita wa kwanza, akarudi, akapita tena. Asubuhi yote hakuwa na mchezo mwingine.

Baba yake hakuwepo. Alphonse yuko Kalemie, kusini huko, alikoshuka kwa boti kutafuta kazi, na Mungu akamsaidia akapata kazi kwenye treni, kazi ya kufunga na kufungua mabehewa na kutumwa huku na huku. Hapa Baraka, na Fizi yetu yote, hakuna reli. Wengi wetu treni tumeisikia tu, kama mtu anavyomsikia mjomba aliyehama kabla yeye hajazaliwa. Kwa hiyo kila Alphonse alipopiga simu jioni, mimi na Ketsia tulikuwa tunaweka sikio pamoja kwenye simu, na yeye alikuwa anatusimulia. Mashini, kile kichwa cha treni, inalia hivi. Usiku taa yake inafika mbali hivi. Ketsia alitaka kujua inakula nini, na baada ya kula inakwenda wapi kujisaidia. Baba yake alimjibu yote.

Jioni ya siku ile ziwa lilipoingia nilimwambia habari ya sufuria, akacheka, kisha akasema maji yamewafikia na wao.

Treni yao, yenye mizigo na abiria, ilikuwa imesimama porini, nje ya mji, kwenye kituo kidogo cha bondeni. Mto ulikuwa umepanda ukalala juu ya njia, na mbele yao hapakuonekana reli, ila maji na vichwa vya matete. Upande wa pili kulikuwa na watu waliokuwa wakingoja unga wa mahindi uliokuwa ndani ya mabehewa. Watengenezaji wa njia, wale wanaojua kila msumari, walikuwa nao wamekwama huko ng'ambo, simu zao hazipatikani. Shefu Roger, mzee anayeamuru treni hiyo, alikuwa anatembea ukingoni mikono nyuma, hajui aseme nini.

"Basi njo nikamwambia, Shefu, kwetu Fizi tuko na dawa ya hii," alisema Alphonse.

Mtu wa huku kwetu angejua mara moja ni dawa gani. Barabara yetu, kutoka Mboko kuja Baraka na kuendelea, inakatwa na mito, na mvua ikizidi mito inapanda juu ya barabara. Hakuna dereva anayetia gari majini kabla mtangulizi hajaingia. Mtangulizi anavua viatu, anafunga suruali shingoni, anashika fimbo, anatembea mahali gurudumu litakapopita, akisikiliza barabara kwa nyayo. Kukiwa kugumu, anakwenda. Kukiwa kulaini, anainua mkono, anatafuta upande mwingine. Gari linamfuata nyuma polepole, likikanyaga alipokanyaga. Tunasema mguu hauna macho lakini haudanganyi. Alphonse alikulia Lweba, na kazi hiyo aliifanya tangu ndevu hazijaota. Madereva wa malori ya kwenda Misisi hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Mguu. Walikuwa wakifika mtoni wanazima gari, wanauliza, Mguu yuko wapi?

Basi alivua viatu vyake vya kazi mbele ya abiria wote, akaingia. Mguu mmoja juu ya chuma, wa pili unafuata, fimbo mkononi. Maji yalimfika mapajani, mahali pengine kiunoni. Alitembea mpaka ng'ambo, akarudi kwa chuma cha pili. Reli ilikuwepo yote, hakuna mahali ilipokatika. Shefu Roger alimshika mkono, na wale abiria wakapiga makofi. Ikaamuliwa kwamba kesho kutwa asubuhi, mafuta ya mashini yakishafika kutoka mjini, Alphonse atatangulia majini na treni itamfuata polepole, kama lori.

"Kuko fasi moya katikati," alisema akicheka, "reli inanibembeleza sawa vile mama anabembeleza mutoto. Nilitaka nilale pale."

Tulicheka sote. Nilijiona mke wa mtu. Ketsia akaninyang'anya simu akauliza kama treni inajua kuogelea, na baba yake akamjibu kwamba haina lazima, mbele yake iko na yeye, papa yake.

Bado nilikuwa na cheko hilo usoni nilipompeleka Ketsia kwa Pulchérie nikapanda kwenda darasani. Darasa letu la jioni liko kwenye ukumbi wa kanisa, juu kidogo, ambako maji hayajafika. Ni la sisi ambao shule ilitupita tukiwa watoto, au sisi tulioipita. Mwalimu wetu Cassilde ni Mrundi, mkimbizi. Mchana analima mihogo kama sisi, jioni anajipangusa udongo anashika chaki. Siku hiyo alituambia kila mmoja aandike swali moja ambalo kweli hajui jibu lake, maana alikuwa amechoka, alisema, kusoma maswali ambayo mwenye kuuliza anajua jibu kuliko yeye.

Mimi niliandika: Treni inajuaje njia ikiwa maji yamefunika njia?

Niliposoma, darasa lilichangamka. Mvuvi mmoja alisema treni ina pua ndefu, inanusa. Mama mmoja akamwambia pua ndefu ni yake, maana kila nyumba inayopika samaki wa mukeke anaonekana. Wakaulizana nani amewahi kuiona treni kwa macho. Hakuna aliyeinua mkono, mpaka mwalimu mwenyewe alipoinua wake, taratibu, kama mwanafunzi.

Alisema aliiona akiwa mtoto, Tanzania, walipokuwa wamekimbilia huko na wazazi wake. Kilichomkaa kichwani hakikuwa treni yenyewe, kwa sababu ilipita upesi naye akafumba macho kwa woga. Kilichomkaa ni njia yake. Akatuchorea ubaoni. Juu kabisa vyuma viwili. Chini ya vyuma, magogo mafupi yaliyolazwa moja moja kama vipandio vya ngazi, yanaitwa mataruma. Na chini ya mataruma, mawe. Mawe mengi, yamevunjwavunjwa, yamerundikwa tuta lote, kwenda mbali hata jicho linachoka.

"Nilimuuliza baba kwa nini wamemwaga mawe yote yale," alisema. "Chuma ni kigumu. Kwa nini kihitaji mawe? Baba hakujua. Hata mimi mpaka leo sijui."

Mmoja akasema ni ya kuzuia majani yasiote. Mwingine akasema ni ya kufukuzia mbuzi. Cassilde alicheka, akafuta ubao, akasema mwenye kulipata jibu atuletee. Nikarudi nyumbani na swali langu limekuwa mawili, na la pili lilinisumbua kuliko la kwanza. Usingizini niliona mawe.

Kesho yake upepo wa ziwa uliamka mapema. Mawimbi madogo yalikuwa yanapita kati ya nyumba kama kuku wanaotafuta punje. Ketsia aliendelea na mchezo wake juu ya ubao. Mimi nilipita na nguo za kufua, nikarudi na bidoni ya maji ya kunywa. Jua lilipokuwa kichwani nilisikia ubao umeanza kulia, kwii, kwii, ambao jana haukuwa na sauti. Nikachungulia. Ketsia alikuwa amesimama katikati, amenyoosha mikono, anapinda magoti na kunyooka, na ubao unapanda na kushuka naye.

"Mama, angalia," alisema. "Mi niko papa. Inanibembeleza."

Nilitabasamu. Namwomba Mungu anisamehe, nilitabasamu nikarudi kwenye sufuria.

Wakati huohuo Pulchérie alitoka kwake na beseni kichwani, beseni kubwa la mihogo iliyolowekwa, inayochuruzika, aje tuimenye pamoja mahali penye kivuli. Ketsia akampisha, kama alivyofundishwa kupisha wakubwa, akarukia kizingiti. Pulchérie akapanda juu ya ubao akiwa bado anasimulia jambo la jirani fulani. Alifika katikati ya ubao na katikati ya habari. Tukasikia ka.

Nilipofika mlangoni alikuwa ameketi majini mpaka kifuani, beseni mapajani, mihogo imemzunguka inaelea kama bata. Ubao ulikuwa umevunjika vipande viwili, kimoja kila upande wake. Alinitazama. Kisha akasema kwa upole, "Kama ni kucheka, cheka sasa. Nikishasimama nitakuwa na kasirani."

Nilicheka, naye alicheka, tukashikana tukainuka. Hakuumia, ila kiganja kilichunika. Ketsia alikuwa anaokota mihogo. Mimi niliinama kutafuta mchanga wetu ili tuone kama tuta litafaa kuwekewa ubao mwingine, nikapeleka mkono chini mahali tulipokuwa tumelikanyaga.

Mkono haukukuta kitu. Nikausogeza. Maji tu. Nikapeleka mpaka begani, shavu langu likagusa maji, ndipo vidole vikafika sakafu ya chini kabisa. Tuta lilikuwa limekwenda. Mawimbi yale madogo yalikuwa yamelila kutoka pembeni, asubuhi yote, punje kwa punje, na ubao umebaki umeshikilia ncha mbili, huku mwisho kwangu na huku mwisho kwake. Juu haukubadilika hata kidogo. Aliyeutazama angesema ni ubao uleule wa jana.

Nilibaki nimeinama hivyo, mkono ndani. Nilikuwa nasikia sauti ya Ketsia, inanibembeleza, na chini yake, kama mtu anayesema chumba cha pili, sauti ya baba yake ikisema neno lile lile.

Pulchérie aliniuliza kama nimeona nyoka.

Nilimwambia kwamba Alphonse kesho asubuhi atatembea mbele ya treni. Nilimweleza upesi, hovyo, reli, maji, kucheka kwake. Pulchérie hakuwahi kuiona treni na darasani haji, anasema kichwa chake kimejaa. Lakini alitazama ubao wake uliovunjika, akatazama beseni, akasema, "Nenda upige simu. Mutoto atabaki na mi."

Chini kwetu mtandao ni wa kubahatisha. Nilipanda mpaka kwenye uwanja wa kanisa nguo zikiwa zimelowa. Nikapiga. Yule mwanamke wa simu akaniambia kwa Kifaransa chake kizuri kwamba mtu huyo hapatikani. Nikapiga tena, akarudia bila kuchoka. Nikakaa juu ya jiwe. Watu walipita wakanisalimu, wengine wakaniuliza maji yamefika wapi kwangu, nikawajibu sijui nini. Nilikuwa najibishana peke yangu. Mimi ni nani? Mke wa mtu, darasa la jioni, reli sijaiona. Kule kuna shefu mwenye mvi. Labda chuma si ubao. Labda chuma kinaweza kubeba treni hata kikiwa kinaning'inia. Lakini kama kinaweza, kwa nini wamwage mawe yote yale?

Jua lilikuwa limeinama upande wa milima ya Fizi alipopatikana. Alikuwa mchangamfu. Mafuta yamefika, alisema, na abiria wamempikia samaki.

"Papa Ketsia," nilisema, "ile fasi reli ilikubembeleza, mguu yako ilikanyaga nini?"

"Chuma. Si nilikuambia? Chuma yote iko, mwanzo mpaka mwisho."

"Na pembeni ya chuma? Katikati ya zile mataruma?"

Akacheka. "Kumbe ile école, ile darasa ya mangaribi, imesha kukufanya ingénieur wa reli? Shefu Roger ajilinde, utamunyanganya kazi."

Nilimwacha acheke mpaka akamaliza. Alphonse si mtu mbaya, anacheka akiguswa. Kisha nikamsimulia habari ya ubao, tangu tulipokanyaga mchanga mpaka mkono wangu ulipokosa kitu. Nikamwambia Ketsia alivyosimama katikati na alivyosema.

"Ketsia alipita," nilisema. "Mi nilipita na bidoni. Ma Pulchérie hakupita."

"Ma Pulchérie ni muzito."

"Na treni?"

Nilisikia watu nyuma yake wakizungumza, mtoto akilia, sahani ikigongwa.

"Fimbo yako," nilisema. "Pale pale katikati. Ilifika chini?"

"Haikufika," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilifikiri ni fupi."

Nilimsikia akipumua. Nilijua anachowaza, kwa sababu namjua. Alikuwa anawaza yale makofi.

"Nilisha kumwambia shefu njia iko muzuri," alisema mwishowe. "Mbele ya batu bote. Sasa nirudi nimwambie nini? Kwamba Mguu alikosea?"

"Haikukosea. Ilipima muntu. Haikupima treni."

Simu ikakatika, sijui ni mtandao, sijui ni yeye.

Jioni ile darasa liliendelea bila mimi ndani yake, ingawa nilikuwa nje ya dirisha lao. Cassilde alitoka akanikuta kwenye jiwe. Nilipomwambia hakusema usiogope, wala hakusema Mungu atasaidia, ingawa ni mtu wa sala. Aliketi karibu nami akaniuliza polepole, kama anayefungua kifundo, mchanga uliliwa kutoka upande gani, na ubao ulianza kulia lini. Nadhani ndivyo alivyonishika mkono. Tukafika pamoja kwenye mawe yake ya utotoni: kumbe chuma hakibebi treni. Chuma kinaonyesha njia tu. Anayebeba ni yule wa chini, na maji yakija yanamwiba yeye kwanza, kimyakimya, yanaacha vyuma vikiwa vimelala kama vilivyo. Alirudi ndani akaliandika hilo ubaoni. Mimi nikateremka kwa mwanangu.

Asubuhi nilipanda tena na Ketsia mkononi. Nilijaribu kutokuwaza saa. Ketsia aliokota mawe madogo akayapanga mstari, akaweka vijiti juu. Mimi nilitazama ziwa, lililokuwa limetulia kana kwamba halijawahi kumwingilia mtu ndani.

Simu iliita. Nilishika kwa mikono miwili.

Alphonse alizungumza polepole, si kawaida yake. Usiku alikuwa amekwenda kwa Shefu Roger akamwambia. Shefu akauliza nani amemtia mawazo hayo. Akajibu mke wangu. Watu wa mashini wakacheka, wakauliza huyo mke ameona treni wapi. Akasema hajaiona, ameona ubao. Walicheka zaidi, wakamwambia Mguu ameingiwa na baridi ya woga. Lakini mzee hakucheka. Alimwomba asimulie tena, tangu mwanzo, na hasa mahali pa kubembelezwa, ambapo siku ile wote walikuwa wamepiga makofi wakapasahau, yeye Roger akiwa mmoja wao.

Kulipopambazuka mzee alivua viatu vyake mwenyewe. Walichukua nondo ndefu ya kwenye mashini wakaifunga kwenye mwanzi, wakaingia majini wawili, Alphonse mbele. Alipofika mahali pale reli ikamtikisa kama juzi. Mzee akachomeka nondo kati ya mataruma mawili. Ikashuka. Ikashuka mwanzi wote, mpaka mkono wa mzee ukaingia majini, haikugusa kitu. Wakasogea mbele, ikawa vilevile. Wakasogea tena, vilevile, nafasi ambayo behewa zima lingelala ndani. Reli na mataruma yake vilikuwa vimening'inia pale kama ngazi iliyolazwa juu ya shimo. Mawe yalikuwa yamekwenda na mto.

Mzee aliichomoa nondo. Kisha akainua mkono, vile anavyoinua mtangulizi wa kwetu, na nyuma yao, ukingoni, mashini ikazimwa.

Sasa, alisema Alphonse, unga ulikuwa unavushwa kwa mitumbwi ya wavuvi wa pale, gunia kwa gunia. Kazi ndefu. Abiria walikuwa wananung'unika. Wengine walimwambia wazi kwamba jana alikuwa shujaa, leo amewachelewesha. Naye alikuwa amewajibu kwamba ni kweli, amewachelewesha.

"Mi nilitembea pale mara mbili," alisema. "Nilikuwa nacheka."

Nilimpa Ketsia simu, naye akamwuliza baba yake kama amekula. Alikuwa amekula.

Alasiri tulitengeneza njia yetu upya. Pulchérie alileta ubao mwingine, mzima safari hii, mume wake akilalamika kwamba mtumbwi wake unageuka barabara. Mchanga tuliuacha. Cassilde alifika na beseni la mawe kichwani, akisema amekuja kuliona jibu kwa macho yake, na nyuma yake walikuja wenzangu wa darasani, yule mvuvi wa pua ndefu akiwa amekumbatia jiwe kubwa kifuani kama mtoto mchanga. Tuliyatupa chini moja moja, tukayajaza mengine madogo katikati, tukakanyaga, tukaongeza. Maji yalipita katikati yake, yakatoka, mawe yakabaki. Tukalaza ubao. Mvuvi aliukanyaga kwa kisigino akasema hapa hata treni ije, na akasema kwa sauti kubwa ili ionekane kwamba ni yeye aliyegundua.

Pulchérie alikuwa amekwisha kujitwisha beseni lake. Mihogo ileile, alisema, imeoga mara mbili, itakuwa mitamu. Alikusanya kikwembe alichojifunga, akainua mguu.

Ketsia alimshika nguo kutoka nyuma, akachuchumaa ukingoni mwa ubao, akatia mkono majini mpaka kwenye kiwiko.

"Ngoja, mama Pulchérie, niangalie chini kwanza."